Gari la Singano na Nguo za Idi

Hapo zamani, na sisemi zamani ya fisi kuoa, nasema zamani ya juzi ambayo wenyewe bado wapo na wakinisikia watanuna, palikuwa na fundi mmoja katika milima ya Usambara, kwenye mji wa Kwemlesa. Jina lake Singano, kazi yake kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, mkewe Mwanjaa. Sogeeni. Mwenye usingizi aende akalale sasa hivi, maana mwishoni nitawauliza neno, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Singano alikaa kitongoji cha juu kabisa. Njia ya huko imechimbwa ubavuni mwa mlima: upande mmoja ukingo wa udongo na mawe, upande wa pili korongo. Ni nyembamba. Lori halipiti, gari la wagonjwa halipiti. Pikipiki hupita, lakini mgonjwa mahututi hapakizwi pikipiki. Basi wagonjwa wakishushwa kwa machela, mabegani mwa wanaume waliokuwa wakipokezana. Mwanjaa naye alishushwa hivyo kwa uzazi wake wa kwanza. Mvua ikanyesha, wabebaji wakateleza, wakapumzika, wakateleza tena, na mtoto akazaliwa njiani bila pumzi. Walimzika, wakarudi nyumbani, na Mungu hakuwapa mwingine.

Tangu siku hiyo Singano akawa na jambo moja tu kichwani: kuunda gari jembamba litakalopita njia ile.

Akalianza kwa mifupa ya lori dogo lililokufa kwenye uwanja wa kiwanda cha chai. Akaikata chesisi, akaipunguza upana, akaichomelea upya. Injini ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka, giaboksi ilitoka kwingine, viti vilitoka kwenye basi bovu. Nyuma akaweka kitanda cha chuma cha mgonjwa. Watu walicheka wakasema ni geti lenye magurudumu. Singano hakukasirika, fundi wa mageti akiambiwa kazi yake ni geti, amesifiwa. Jirani yake Shemdoe, dereva mstaafu wa malori ya chai, ndiye aliyemfundisha kulipeleka, na ndiye aliyekuwa akimwambia kila jioni kwamba gari litapona, kana kwamba nalo ni mgonjwa.

Lakini kutembea si kutambuliwa. Gari la dukani huja na namba yake ya chesisi na karatasi zake, lina baba na mama. Hili lilikuwa mtoto wa kuokota. Bila namba haliruhusiwi barabarani, na bila kukaguliwa halipewi namba. Kwa hiyo Singano akalivuta hadi mjini, kwa mkaguzi wa magari, Afande Mrindoko.

Afande akalizunguka, akainama, akainuka. Akasema chesisi haina namba, imekatwa na kuungwa, hajui ni ya nani. Rudi ukarekebishe. Singano akarudi, akarekebisha. Akatafuta risiti ya kila kipande, akaomba namba mpya, ikagongwa kwenye chuma afande akishuhudia. Akaenda tena. Afande akasema taa za nyuma haziwaki pamoja, na hakuna mikanda. Rudi ukarekebishe. Akarudi, akarekebisha. Akaenda tena. Afande akasema kitanda cha mgonjwa hakijafungwa sawasawa, gari likigonga kitaruka. Rudi ukarekebishe. Akarudi, akarekebisha, na mkewe akaanza kulionea gari wivu.

Safari iliyofuata afande alilipeleka kwenye mteremko ulio nyuma ya soko, akakanyaga breki. Pedeli ikazama. Akakanyaga mara ya pili, ikashika kidogo. Akashuka, akajifuta mikono.

"Fundi, masta silinda imekwisha," akasema. "Ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, mipira yake imekufa. Kwingine kote nimekuvumilia. Kwenye breki sina huruma, maana gari hili litashuka mlima na wagonjwa."

Singano akaagiza masta silinda mpya kutoka Dar es Salaam. Ikasemekana mzigo uko njiani. Wiki ikapita, uko njiani. Nyingine ikapita, uko njiani. Halafu Afande Mrindoko akamwita kando na kumwambia kwamba mwisho wa mwezi anahamishwa, na mkaguzi atakayekuja halijui gari lile. Atamrudisha mwanzo, kwenye namba ya chesisi.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya Kwemlesa, maana wageni hawaijui na wenyewe hawaisemi.

Nyuma ya duka la spea la Kaniki palikuwa na tairi nne nzuri, mtungi wa kuzimia moto, na pembetatu za kuwekwa barabarani gari likiharibika. Hazikuwa za mtu mmoja. Wenye magari wote walichanga wakazinunua, na waliziita nguo za Idi. Siku ya ukaguzi gari lako linavishwa, linapita, linavuliwa, na mwenzako anakuja kuvisha lake. Gari la sheikh lilivaa. Gari la mchungaji lilivaa. Aliyekataa kuvaa alionekana anaringa. Na wala hawakuona kama wanadanganya; waliona wanasaidiana, kama mtu anavyoazima kanzu ya kwendea harusini.

Basi Singano alipomweleza Kaniki shida yake, Kaniki hakufikiri mara mbili. Aliinamia pikapu yake mwenyewe, akaifungua masta silinda yake, akampa.

"Kavae, fundi," akasema. "Ukipita utanirudishia."

Singano alisita. Tairi ni tairi, ukivua zile nzuri unabaki na vipara vyako unavyovijua. Breki ni kitu kingine. Lakini akajiambia: napata namba tu, kisha nalifunga gari, silitoi mpaka yangu ifike. Alijiahidi hivyo kwa moyo safi. Ahadi nyingi mbaya hutolewa kwa moyo safi.

Siku ya ukaguzi, Afande Mrindoko alifungua boneti, akatazama. Sasa Kaniki alikuwa na tabia ya kupaka doa la rangi ya kijani kwenye kila spea ya pikapu yake, wezi wasiibe. Mji mzima ulilijua doa lile. Afande alilitazama, kisha akamtazama Singano. Singano akatazama chini. Shemdoe hakuwepo, alikuwa msikitini. Afande akafunga boneti taratibu, akapanda, akalijaribu gari mteremkoni, likasimama kama lililopigwa msumari. Akaandika limepita.

Namba ikatoka. Stika ikabandikwa kwenye kioo. Kitongoji cha juu walipika, wakala, wazee wakaliombea gari dua. Shemdoe alilia hadharani, mtu mzima yule, akasema machela sasa ikafugiwe kuku.

Kesho yake asubuhi Singano akaifungua masta silinda ya Kaniki na kumrudishia. Hakudaiwa. Kaniki hata hakuwa ameulizia, ingawa ulikuwa msimu wa mapeasi na pikapu yake imelala. Lakini Singano alilelewa na bibi aliyekuwa akimwambia kukopa harusi kulipa matanga, naye hakutaka kuwa mtu wa aina hiyo. Kaniki akaipokea, akashukuru. Singano akarudisha ile yake mbovu, akaegesha gari uani, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Baada ya siku chache ikaja simu: mzigo umefika stendi ya bondeni. Singano akaondoka alfajiri. Akamwambia mkewe, "Gari hili lisisogee mpaka nirudi. Breki zake unazijua." Mwanjaa akaitikia. Hakuna mwingine aliyeambiwa. Wengine wote, Shemdoe akiwemo, walijua kitu kimoja tu, kwamba gari lina stika.

Asubuhi hiyohiyo jirani yao mmoja, Nuru, akashikwa na uchungu, na damu ikaanza kutoka kabla ya mtoto. Mumewe akaja mbio uani kwa Singano, na Shemdoe nyuma yake, tayari amevaa koti lake la udereva. Mwanjaa akawaambia Singano hayupo. Shemdoe akasema yeye yupo. Mwanjaa akasema wasubiri kidogo. Kutoka nyumba ya pili ikasikika sauti ya Nuru, na Mwanjaa aliijua sauti ile. Ilishawahi kutoka kifuani mwake. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo.

Shemdoe, kwa kuwa alikuwa dereva wa kweli, aliuliza. Aliuliza kama anavyouliza dereva yeyote kabla ya kushika gari la mwenzake: "Breki zikoje?"

Mwanjaa akasema, "Limekaguliwa."

Ni hilo tu alilosema. Na wala hakuongopa.

Yaliyotokea njiani alikuja kuyasimulia mumewe Nuru, aliyekuwa nyuma ameshika mkono wa mkewe. Pale mwanzo gari lilikwenda vizuri. Kwenye mteremko mrefu Shemdoe akakanyaga, akakanyaga tena, akashusha gia, akavuta breki ya mkono, na gari likazidi kukimbia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shikaneni," kama mtu anayewaambia abiria wameingia kwenye mashimo. Kushoto palikuwa na korongo, kulia ukingo wa mawe. Kiti cha dereva kiko kulia. Akaupinda usukani kulia, akalilaza gari kwenye mawe kwa ubavu wake mwenyewe, likakwaruza, likakwaruza, likasimama.

Kitanda cha mgonjwa hakikuruka. Watu wa chini walifika, wakambeba Nuru kipande kilichobaki mpaka hospitali. Yeye akapona na mtoto akapona. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu wangewakosa wote wawili. Shemdoe hakuhitaji kubebwa haraka.

Singano alizipata habari akiwa kwenye basi la kurudi, masta silinda mpya ikiwa mapajani, ndani ya boksi lake. Hakulia. Aliendelea kulishika lile boksi kwa mikono miwili mpaka basi likafika, na kondakta akamshika bega kumwambia ashuke. Tangu hapo aliyaona mambo yote mara mbili: yalivyokuwa, na yalivyoweza kuwa. Angesubiri siku hizo chache na masta ya Kaniki ndani ya gari. Angeuchukua ufunguo akaenda nao. Angetoa hata gurudumu moja. Mambo mepesi kabisa, ya kufanya kwa mkono mmoja, na hata moja hakulifanya. Kitongoji cha juu wakairudia machela yao, na kila ilipopita mbele ya nyumba yake, Singano aliingia ndani.

Shemdoe alimwacha mkewe, Bi Hidaya. Mazishi yakapita. Dola ikauliza maswali yake, ikaandika ajali, ikaondoka. Ilipofika arobaini, baada ya kisomo na watu kutawanyika, Bi Hidaya akawaomba wanne wabaki: Singano, Mwanjaa, Kaniki, na Afande Mrindoko, aliyekuwa amesafiri kutoka kituo chake kipya bila sare. Wakakaa kwenye mkeka.

Mwanzoni wakafanya kama tunavyofanya wote. Singano akasema asingevisha gari breki ya kuazima kama mji usingekuwa na desturi ile. Kaniki akasema yeye alitoa chombo kwa ukaguzi, hakusema watu wakasafiri bila chombo. Afande akasema gari alilolikagua lilikuwa na breki nzima, waliyolifanyia baadaye hayakuwa machoni pake. Mwanjaa peke yake hakumnyooshea mtu kidole. Vidole vikazunguka mkeka mzima, na kila kimoja kilikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Bi Hidaya aliwaacha wamalize. Kisha akasema.

"Wanangu, mnaniua mara ya pili. Mkisema ni kosa la wote, mmeniambia si kosa la mtu. Nikilala nautafuta uso wa kumlaumu, naona mji mzima, na mji mzima siwezi kuusamehe, sina moyo mkubwa hivyo. Nilichonacho ni msamaha mmoja. Nimekaa siku zote hizi nikiutafuta, nimeupata, ni mmoja tu. Nipeni mtu mmoja ambaye kosa ni lake, nimpe mkono, nimwambie nimekusamehe, nilale. Wengine watakwenda na yao, watajuana na Mungu."

Halafu, jamani, mambo yakageuka. Wale waliokuwa wakilisukuma kosa kama kaa la moto, kila mmoja akaanza kulivuta kwake.

Singano ndiye aliyetangulia. Alikuwa na usemi tayari. Alikuwa ameufanyia mazoezi kila usiku bila kujua ni wa nini.

"Mama, ni langu. Chuma kile nilikikata kwa mikono yangu. Breki mbovu niliirudisha kwa mikono yangu, naijua ni mbovu. Na mumeo alikuwa rafiki yangu, nami sikumwambia, kwa sababu alilia siku ya sherehe na niliona haya kumharibia furaha. Wengine walimficha mtu wasiyemzoea. Mimi nilimficha Shemdoe."

Kaniki akasema hapana. Akasema nguo za Idi zilianzia dukani kwake, yeye ndiye aliyeufundisha mji kwamba ukaguzi ni vazi. Kisha akamgeukia Bi Hidaya.

"Singano alikuja na masta ile mkononi, Bi Hidaya. Ningeweza kumwambia, kaa nayo mpaka yako ifike. Maneno hayo hayana uzito. Niliyafikiria, nikafikiria na mapeasi yanaoza, nikaipokea. Siku ile mumeo anakanyaga pedeli, masta ile nzima ilikuwa kwenye pikapu yangu, inashusha mapeasi sokoni. Yalifika salama. Hata moja halikupondeka."

Afande Mrindoko akazungumza bila kumtazama mtu. Alisema aliliona doa la kijani. Alisema nguo za Idi alizijua miaka yote, tairi zile alishazikagua kwenye kila gari la Kwemlesa mpaka akazizoea kama ndugu. Hawa wengine, akasema, ni mafundi na wafanyabiashara, hawakula kiapo. "Mlima mzima uliamini gari kwa sababu ya stika, na stika ni mkono wangu. Niliwahurumia watu wa machela. Huruma ile nilipaswa kuionyesha kwa kusema rudi ukarekebishe, kama nilivyosema siku zote. Na haya ninayokuambia, mama, nitayarudia mbele ya wakubwa wangu wakiniuliza, wanifukuze." Naye alikuwa mtu wa watoto wengi.

Akabaki Mwanjaa. Singano akamgeukia mkewe, akaona uso asioujua.

"Hawa wote walikuwa mbali na mumeo," Mwanjaa akasema. "Mimi alisimama mbele yangu, karibu kama ulivyokaa wewe. Akaniuliza. Nilijua ninachoulizwa na nilijua jibu. Nikamwambia limekaguliwa, kwa sababu nilijua nikimwambia kweli atakwenda kuita wabebaji, na Nuru atafia njiani na mtoto wake. Nilipima watu kwa mizani, Bi Hidaya, na mumeo hakujua kama yuko kwenye mizani. Kwa hiyo kosa ni langu kuliko la yeyote. Ila sitakudanganya na wewe. Saa ile ikirudi, na sauti ile nikaisikia, sijui kama nitasema neno jingine."

Singano alitaka kumziba mdomo. Alitamani angalau hilo la mwisho asingelisema, kwa maana nani atampa msamaha mtu wa namna hiyo? Na papo hapo akajua, na kujua huko kulimuuma kuliko kifo chenyewe, kwamba yeye naye anautaka msamaha ule, anautaka hata kama mkewe ataukosa. Kwamba wataondoka pale mmoja wao akiwa mwepesi na mwenzake na mzigo, na watalala kitanda kimoja.

Bi Hidaya akainuka. Akawatazama wanne wale: aliyemficha rafiki, aliyependa mapeasi, aliyefumba macho, na aliyesema neno la kweli ili kudanganya. Nje mtoto wa Nuru alikuwa analia, mama yake akimbembeleza. Bi Hidaya akanyoosha mkono wake wa kulia. Ulikuwa mmoja tu.

Mimi niliyesimulia nimeshindwa kusema ulikwenda kwa nani, na kila nikidhani nimempata, nawakumbuka wale watatu wengine. Nyinyi mlikuwa macho, nimewaona. Hebu niambieni: kati ya wanne wale, nani alistahili mkono wa Bi Hidaya?